Karatasi ya kufungia chakula inataka boksi linalotoa moja moja

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nizungumzie jambo ambalo huenda likaonekana dogo kwa mtu asiyepata riziki yake mbele ya karai la mafuta, nalo ni namna karatasi za kufungia chakula zinavyokunjwa, zinavyopangwa na kutiwa katika vifungashio vyake kabla ya kumfikia muuzaji. Mimi ni mjalidi mstaafu. Nimekaa na karatasi kwa miaka thelathini na ushei katika matbaa za hapa Tanga, nikizikata, nikizikunja na kuzishona kuwa vitabu, na nakiri mapema kwamba jicho ninalolitazamia jambo hili ni la fundi, si la mfanyabiashara wala la bwana afya.

Lililonisukuma kuandika ni gazeti lenyewe. Hivi karibuni nilinunua kachori tatu barabarani, zikafungwa kwa gazeti kuukuu, na nilipozifungua nyumbani nikakuta nusu ya kichwa cha habari kimehamia juu ya kachori moja, herufi zikisomeka kinyume kama zilivyokuwa zikisomeka kwenye herufi za risasi tulizokuwa tukizipanga matbaani enzi zetu. Nilizila, kwa sababu zilikuwa za moto na mimi nilikuwa na njaa, lakini sikuweza kujidanganya kwamba kilichohama ni maneno peke yake. Wino wa gazeti una rangi na mafuta ya madini, umetengenezwa ukae juu ya karatasi na si tumboni, na mafuta ya kukaangia yakiwa bado ya moto huulegeza mara moja. Juu ya hayo, magazeti chakavu hununuliwa kwa kilo, na hakuna ajuaye yamelala stoo ya nani, na panya wangapi.

Watu husema wauzaji wanarudi kwenye gazeti kwa sababu ni rahisi kwa bei. Kwa kiasi ni kweli, lakini mimi naamini bei si sababu kuu, na ushahidi wangu ni dada yangu. Yeye anauza bajia, kachori na mihogo ya kukaanga kuanzia alasiri hadi baada ya isha, si mbali na soko la Ngamiani. Tangu serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019 amekuwa akinunua karatasi za kaki zilizokwisha kukatwa, kwa sababu ni mtu anayeheshimu sheria na anayependa zaidi kusifiwa usafi. Pesa ya kaki ameshaitoa. Karatasi ziko mezani. Na bado ikifika magharibi utamkuta anafungia gazeti.

Nilikaa kwenye benchi lake jioni moja nzima ili nielewe kwa nini. Karatasi za kaki huja zimelazwa bapa, moja juu ya nyingine, zikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko huo ukishachanwa hakuna tena kitu kinachoweza kuitwa kifungashio, kumebaki rundo. Upepo wa baharini ukiingia mtaani rundo linaanza kupeperuka, kwa hiyo juu yake limewekwa jiwe. Mteja akiagiza, dada hulaza chujio, huinua jiwe, hupangusa vidole kwenye kanga, hulamba kidole (naomba radhi kwa wasomaji wanaokula), hujaribu kuipata karatasi moja, hupata mbili au tatu zilizoshikana kwa unyevu wa hewa yetu hii ya pwani, hurudisha zilizozidi zikiwa na alama za mafuta, kisha hurudisha jiwe. Wakati huo mteja ananyoosha noti ya shilingi elfu mbili na kusubiri chenji. Wakiwa wateja wawili kazi inakwenda. Wanapotoka watu msikitini baada ya magharibi na kusimama sita kwa pamoja, mkono wake unakimbilia gazeti, kwa sababu gazeti huchanika wima kwa mkono mmoja, wakati mkono wa pili bado umeshika chujio.

Nilipomwuliza alinijibu: "Kaka, hiyo karatasi yako inataka mikono mitatu, na mimi Mungu amenipa miwili." Nimelichukua jibu hilo kuwa ndiyo hoja ya barua hii, yaani wenye viwanda wameitengeneza karatasi iliyo salama lakini hawakumtengenezea muuzaji njia ya kuitoa.

Njia hiyo ipo, haina siri, na karibu kila msomaji ameishika mkononi. Ni ile ya boksi la tishu. Tishu za Kleenex zilipoingia sokoni Marekani mwaka 1924 zilikusudiwa kinamama wafutie krimu usoni, na lile boksi linalochomoza karatasi moja baada ya nyingine lilikuja miaka michache baadaye. Ukilipasua boksi hilo uone ndani utakuta karatasi hazikulazwa bapa. Kila moja imekunjwa katikati, na nusu ya karatasi inayofuata imeingizwa ndani ya mkunjo wa iliyotangulia, kwa zamu, kulia na kushoto, hadi mwisho wa rundo. Mimi nauita mkunjo wa kuumana, kwa kuwa kila karatasi imemuuma mwenzake. Ukiivuta ya juu, nusu yake ya nyuma inatoka ikiwa imeshika nusu ya mbele ya inayofuata, inaikokota hadi mdomoni mwa boksi, kisha inaiachia hapo, kichwa nje na mwili ndani, ikimngoja mteja mwingine. Hakuna springi wala mashine. Kinachofanya kazi ni msuguano wa karatasi na karatasi, na msuguano wa karatasi na mdomo wa boksi.

Kwa tishu hayo ni rahisi, kwa sababu tishu ni laini na hukubali kujikunyata mdomoni. Karatasi ya kaki ni ngumu zaidi na ina ukaidi, na hapo ndipo nilipopoteza wiki kadhaa za ustaafu wangu, nikitengeneza maboksi kwa kadibodi mpya, mfupa wangu wa kukunjia na gundi, huku wajukuu wakidhani babu anatengeneza vinyago vya kuchezea.

Boksi la kwanza lilichana karatasi. Kila karatasi ya tatu au ya nne ilifika mdomoni ikapasuka, na mpasuko ulianzia pale pale kwenye pembe za mwanya. Kosa moja lilikuwa dhahiri: niliukata mwanya kwa kisu, ukawa na pembe kali, na pembe kali ndiyo inayoanzisha mchano. Niliukata upya kwa umbo la yai, ncha zake zikiwa za mviringo, na mchano ukapungua, lakini haukwisha. Kosa la pili lilikuwa la ufundi wangu mwenyewe, na lilinichukua siku nyingi kulikubali. Karatasi ina nyuzi, na nyuzi hizo nyingi hulala upande mmoja, ule karatasi ilikokuwa ikikimbilia mashinani. Atakaye kuujua upande huo na akate kipande kidogo, akiloweshe uso mmoja, nacho kitajikunja kama mrija. Urefu wa mrija unaonyesha nyuzi zinakoelekea. Mjalidi hufundishwa tangu siku ya kwanza kukunja kwa kufuata nyuzi, kwa sababu kitabu kilichokunjwa kukatisha nyuzi hakitulii kinapofunguliwa. Nami nikazikunja kaki zangu hivyo hivyo, kwa mazoea. Lakini kwenye boksi karatasi huvutwa kwa kuuacha mkunjo nyuma, kwa hiyo ukikunja kwa kufuata nyuzi unaivuta kwa kuzikatisha, upande ambao karatasi ni dhaifu, na mchano ukishaanza hupita katikati ya nyuzi bila kizuizi. Nilipozigeuza, nikazikunja kukatisha nyuzi, mkunjo haukuwa nadhifu kama ninavyopenda mimi, na karatasi zikaacha kuchanika. Mwalimu wangu wa ujalidi angeyaona maboksi yale angeninyang'anya mfupa.

Boksi la pili lilikuwa na ugonjwa mwingine. Karatasi ishirini za mwanzo zilitoka kwa shida, za katikati zilitoka kama maji, na za mwisho zilianza kurudi ndani, ikawa dada anaingiza vidole kuzitafuta, na hilo ni kurudi kule kule kwenye kulamba kidole. Sababu ni kina cha boksi. Likiwa limejazwa mpaka kifunikoni, rundo linabanwa na karatasi ya kwanza inavutwa chini ya mgandamizo. Rundo linapopungua, umbali kutoka karatasi hadi mdomoni unaongezeka, na kichwa kilichokuwa kimechomoza kinazidiwa na uzito wake kinatumbukia. Hesabu yake si ngumu. Kaki nyembamba ya gramu 40 kwa mita ya mraba ina unene wa takriban sehemu sita za mia za milimita. Karatasi mia mbili zilizokunjwa katikati ni tabaka mia nne, yaani milimita 24 zikikandamizwa, na kwa kuwa mikunjo ina hewa ndani yake unapata rundo la sentimita tatu hadi nne. Hicho ndicho kina kinachofaa, pamoja na nafasi ya unene wa kidole juu yake. Mtengenezaji anayetaka kuokoa kadibodi kwa kutia karatasi mia tano, rimu nzima, ndani ya boksi moja refu atapata boksi zuri la kupiga picha na baya la kutumia.

Boksi la tatu halikuwa na kosa isipokuwa wepesi. Likibaki na karatasi chache, ukivuta karatasi boksi zima linainuka nayo, na mkono wa pili unalazimika kulishika. Nilifikiria kulitia mchanga chini. Dada ndiye aliyelitazama, akaligeuza mdomo chini, akasema litundikwe. Ukilitundika hivyo kwenye nguzo ya kibanda, uzito wa rundo wenyewe ndio unaosukuma karatasi mdomoni mpaka ile ya mwisho, kama katika vile visanduku vya karatasi za kufutia mikono vinavyobandikwa ukutani katika vyoo vya hoteli, na tatizo la karatasi kurudi ndani linakwisha bila kuongeza kitu. Meza inabaki na nafasi. Vumbi na inzi hawaioni karatasi ila ile ncha iliyochomoza, na mkono ulioshika noti hauligusi rundo zima. Nimetoboa matundu mawili nyuma ya boksi, nikapitisha kamba ya katani, na kuuimarisha mgongo kwa kadibodi ya tabaka mbili, kwa sababu hapo ndipo panapobeba.

Nina neno moja la pembeni kuhusu maboksi ya foili, kwa kuwa yananipa hofu. Katika maboksi mengi ya foili ya kuviringishwa, kila ubavu una kisikio kidogo kilichokatwa nusu, ambacho ukikibonyeza ndani kinaushika mviringo usitoke boksini unapovuta. Nimewauliza watu wengi, wakiwamo wapishi wa harusi, na ni wachache mno waliowahi kukiona. Ni ubunifu mzuri uliokaa miaka bila faida kwa sababu hakuna aliyechora mshale au kuandika maneno matatu ya Kiswahili karibu nacho. Boksi la kaki nalo likija bila kuonyesha mahali pa kupasua, upande wa juu na tundu la kutundikia, litapasuliwa kwa kisu katikati, rundo litamwagwa mezani, na jiwe litarudi juu yake.

Liko pia suala la hesabu, ambalo ni malalamiko halisi. Pakiti moja tuliyonunua, ambayo kiwanda chake sitakitaja, iliandikwa karatasi mia moja, na tulipozihesabu mimi na mpwa wangu zilikuwa themanini na nane. Huenda ni bahati mbaya ya pakiti moja. Lakini katika rundo bapa lililofungwa ndani ya nailoni hakuna mnunuzi anayehesabu, na kiwanda kinajua hivyo. Karatasi zilizoumana katika boksi lenye kipimo maalumu ni ngumu kuzipunja, kwa kuwa boksi lenye pungufu hucheza likitikiswa. Wakala wa Vipimo hukagua bidhaa zilizofungashwa ili kiasi kilichoandikwa kiwe ndicho kilichomo, na sioni kwa nini karatasi ya kufungia bajia isipewe jicho lile lile linalopewa mfuko wa sukari.

Najua watakaosema turudi kwenye jani la mgomba. Sina ugomvi na jani la mgomba, linafunga samaki vizuri kuliko kaki na lina harufu nzuri likipata moto, lakini halikai stoo wiki mbili wala halimtoshi muuzaji anayehudumia watu kila baada ya dakika moja.

Ninachowaomba wahusika ni haya. Karatasi ya kaki inatengenezwa humu humu nchini, kule Mgololo, Mufindi, kwa hiyo malighafi si kisingizio. Wanaoikata na kuifungasha ndio wenye uwezo wa kuikunja kwa kuumana, na wasiokuwa na mashine ya kukunjia wanaweza kuanza kwa watu wawili waliokaa pande mbili za meza, mmoja akilaza kutoka kulia na mwingine kutoka kushoto, kama mimi na mpwa wangu tunavyofanya. Kazi inachosha mgongo lakini haihitaji elimu. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lina ofisi mkoani kwetu na lina mafundi, nao wakitengeneza fremu ya mbao ya kupangia karatasi hizo na kiolezo cha kukatia mdomo wa boksi, vikundi vya akinamama na vijana vinaweza kuifanya kazi hii Ngamiani, Chumbageni au Pongwe bila kusubiri mtu wa mbali. Shirika la Viwango, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula, lingefanya hisani kama lingetoa mwongozo mfupi kuhusu boksi lenyewe: kadibodi ya ndani isiwe imechapwa wino, gundi isifike kwenye karatasi, idadi iandikwe, na maelezo yawe kwa Kiswahili na kwa mchoro. Mwongozo huo usisahau unyevu. Boksi lililokaa wazi dukani hapa kwetu wakati wa masika hufika kwa muuzaji likiwa na karatasi zilizovimba na kuwa laini, na karatasi ya namna hiyo haiumani vizuri na mwenzake bali hugandana naye.

Kuhusu gharama, boksi hakika litaongeza kitu juu ya bei ya pakiti. Lakini jioni ile niliyokaa kwenye benchi, kila nilipohesabu karatasi kumi zilizoshikwa, mbili au tatu zilikuwa zimetoka kwa kushikana na zikaharibika kwa mafuta. Muuzaji tayari analipia boksi asilolipata, ila analilipa kwa karatasi zinazoishia kwenye ndoo ya taka. Ukubwa nao uangaliwe, kwani karatasi moja ya kipimo kimoja haiwezi kufunga kachori mbili na mihogo ya watu wanne. Mimi ningetengeneza mbili tu, ndogo na kubwa, na kuzitofautisha kwa rangi ya boksi ili mtu asiyesoma naye asikosee.

Kiwanda au kikundi chochote kinachotaka kuchukua vipimo nitakipa bila malipo, na kiolezo cha mdomo ninacho. Boksi la nne linaning'inia kwenye msumari wa kibanda cha dada yangu. Anayetaka kulivuta ajionee na aje baada ya alasiri, kabla mafuta hayajachemka, kwa sababu yakishachemka dada hana muda wa kuzungumza na mtu asiyenunua.

Mjalidi mstaafu,
Ngamiani, Tanga.